Mbele ya mbio za milima kulikuwa mizigo



Wengi munajua kama mimi nakimbiaka asubuhi hapa Makomeno, mbele jua halijawa kali. Wiki iliyopita rafiki mmoja, naye wa agronomia kama mimi, alinikuta nimekaa pembeni ya njia, miguu imechoka. Akanionyesha kwa telefone video ya watu wanaokimbia milimani Ulaya usiku, taa kwenye kipaji cha uso. Akasema: "Ona hii. Kilometa mia moja na sabini! Bazungu beko na wakati ya kupoteza. Siye hatunaka mambo ya vile."

Nilicheka, kisha jibu likanikosa. Nilirudi nyumbani na ile sentensi: siye hatunaka mambo ya vile. Kweli? Jioni nilianza kufungua vitabu na maandishi niliyoweka tangu fakilte. Hii ndiyo niliyopata, na mwishoni kuna jambo langu mwenyewe ambalo ninataka kuliungama mbele yenu.

Tuanze na maana. Mbio yoyote inayopita kilometa 42 na mita 195 za maraton, watu wanaiita ultra. Ikipita njia za milima, mawe, matope na msitu, inakuwa ultra ya milima. Hadithi inayosimuliwa sana inaanzia California, Marekani. Kule kulikuwa shindano la farasi la maili 100, ni kusema kilometa 161, kupita milima ya Sierra Nevada. Mwaka wa 1974, Gordy Ainsleigh, ambaye alizoea kushindana juu ya farasi, aliamua kupita ile njia kwa miguu yake. Alimaliza kwa saa 23 na dakika 42. Kutokea pale ikazaliwa mbio ya Western States, na nyingine zikafuata duniani. Mwaka wa 2003 ikaanza ile ya kuzunguka Mont Blanc, karibu kilometa 170, na jumla ya kupanda inafika karibu mita 10.000. Yule aliyeshinda mara ya kwanza kabisa hakuwa Mfaransa wala Mwitalia. Alikuwa Dawa Dachhiri Sherpa, mtu wa Nepal. Mulishike lile jina la Sherpa. Kwa watu wengi duniani, "sherpa" si jina la kabila tena, limekuwa jina la mtu anayebebea wengine mizigo mlimani.

Sasa turudi kwetu. Kule California, mtu aliacha farasi wake na dunia ikashangaa. Huku kwetu, zamani farasi hakuweza kudumu. Na sababu yake sisi watu wa agronomia tunaijua vizuri: ni mbung'o, ule inzi wa tse-tse. Anabeba vimelea vinavyoleta nagana, na nagana inaua farasi, inaua ng'ombe, inaangusha hata punda. Katika sehemu kubwa ya Afrika ya katikati, mnyama wa kubeba mizigo hakuweza kuishi. Gari la kukokotwa halikuwa na wa kulikokota. Basi kama shaba au pembe ya tembo au chumvi ilitaka kusafiri, ilisafiri juu ya kichwa na bega la mtu. Katika darasa la mifugo tulijifunza nagana kama ugonjwa wa wanyama tu. Hakuna aliyetuambia kama ule inzi njo aliwafanya watu wakuwe wanyama wa mizigo.

Mpagazi wa njia za pwani alikuwa anabeba karibu frasila mbili, kilo 30 na zaidi, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Wanyamwezi njo walikuwa na sifa kubwa katika ile kazi. Na hapa Katanga tusijifanye wageni wa ile hadithi. Msiri, mfalme wa Bayeke aliyejenga Bunkeya, yeye mwenyewe alitoka upande wa Unyamwezi, nchi ambayo leo ni Tanzania. Alifika huku na watu wa biashara ya shaba, kwa miguu, katika karne ya 19. Kiswahili hiki tunachoongea sokoni, sehemu ya njia yake ni ile ile: kilikuja na misafara.

Nitoe mfano mmoja wa mwendo ambao mimi, kama mkimbiaji, unaniacha kinywa wazi. Mwanzoni mwa Mei 1873, David Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu. Leo ni Zambia, na si mbali na mpaka wetu. Watu waliokuwa naye wangeweza kumzika pale na kurudi kwao. Walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili kwa chumvi na jua siku 14, wakaufunga, wakaubeba mpaka Bagamoyo. Ni zaidi ya kilometa 1.600. Walifika mwezi wa pili wa 1874, karibu miezi tisa. Viongozi walikuwa Abdullah Susi na James Chuma. Kulikuwa na wanawake pia katika ule msafara: Halima, aliyekuwa mpishi, na Ntaoeka. Njiani wengine waliugua, wengine walikufa.

Livingstone alizikwa London kwa heshima kubwa, Aprili 1874, na Susi na Chuma hawakuwepo siku ile. Baadaye wataalamu wa jiografia wa London walitengeneza medali kwa ajili ya wabebaji. Medali zilipofika Zanzibar, wengi walikuwa wameshatawanyika. Leo ukimaliza ultra, mtu anasimama kwenye mstari wa mwisho anakuvalisha medali ungali unahema. Wengi wa wale wa Chitambo, medali iliwakosa kwa sababu hakuna aliyewangoja.

Lakini historia haitaki tuweke wapagazi wote upande wa utakatifu. Mwaka wa 1891 kapiteni William Stairs alitoka pwani na msafara mkubwa kwa kazi ya mfalme Léopold II, ili kuchukua Katanga mbele Waingereza hawajaifikia. Walifika Bunkeya mwezi wa 12, na tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na kapiteni Bodson, mmoja wa ule msafara. Bunduki na risasi zilifika Bunkeya kwa mabega ya wapagazi wa Zanzibar. Wengi wao hawakurudi nyumbani: njaa na magonjwa viliwamaliza. Hata Stairs mwenyewe alikufa Juni 1892 huko Chinde, pwani ya Msumbiji, akiwa njiani kurudi. Kwa hiyo ile miguu ilibeba mpaka mwisho wa utawala wa Bayeke. Anayebeba si yeye anayechagua kilicho ndani ya sanduku.

Kisha wakaja watu wa kupanda milima kwa sifa. Oktoba 1889, Mjerumani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kileleni mwa Kilimanjaro. Kilele kikapewa jina la Kaiser Wilhelm. Kitabu cha Meyer kinamtaja Muini Amani wa Pangani, aliyebaki kwenye kambi ya juu katika baridi ile akiwangoja. Lakini jina linalotajwa zaidi leo Marangu ni la Yohani Kinyala Lauwo, Mchaga aliyekuwa kijana wakati ule, na lilikuja kujulikana mbali mwaka wa 1989, katika sikukuu ya miaka mia ya kule kupanda. Miaka mia! Lauwo alikufa mwaka wa 1996, mzee sana. Siku hizi pale kwenye mlango wa Marangu kuna kibao chenye jina lake na majina ya wapagazi wenzake. Na kile kilele kinaitwa Uhuru tangu Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, wakati luteni Alexander Nyirenda alipopandisha mwenge na bendera kule juu.

Na milima yetu je? Rwenzori iko nusu Congo, nusu Uganda. Juni 1906, mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alifika kileleni, akakiita Margherita, jina la malkia wa kwao. Ni mita 5.109, kilele kirefu kuliko vyote vya Congo. Vilele na milima mingine ikaitwa Alexandra, Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi. Speke na Baker hawakupanda hata mmoja wa milima ile. Bakonjo, ambao ni ndugu wa Banande wa Kivu ya Kaskazini, njo walibeba mahema, vyakula na vyombo vya kupiga picha ndani ya matope na mvua. Tafuta kwenye karte mlima wenye jina la Mkonjo aliyebeba. Mimi sikuuona.

Sasa tunafika kwa mtu aliyenifanya nione mambo haya yote kwa jicho lingine. Simon Mtuy alizaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Alianza kama mpagazi wa watalii, akawa kiongozi wa safari, akajifunza mbio za mbali, mpaka akashiriki Western States kule California. Mwaka wa 2006 alipanda Kilimanjaro kwa njia ya Umbwe, akafika mita 5.895, akashuka kwa njia ya Mweka, kwa saa 9 na dakika 21. Watalii wanatumia siku tano, sita, nane.

Tuone kidogo mwili unapitia nini kule. Kileleni Kilimanjaro, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani. Kila pumzi inaleta oksijeni nusu tu. Mwili unaweza kuzoea kwa kuongeza chembe nyekundu za damu, lakini ile kazi inataka wiki nyingi. Sisi wa Lubumbashi tunaishi kwenye mita 1.200 hivi, hiyo haitusaidii sana. Anayepanda haraka anaweza kupata maji kwenye mapafu au kwenye ubongo, na watu wanakufa. Na kushuka si mapumziko: kila hatua musuli ya paja inajikaza huku inavutwa, inachanika kidogo kidogo, ndiyo maana kesho yake ngazi tatu za nyumba zinakuwa adui.

Lakini kilichonigusa mimi hakikuwa muda, ni sharti. Mtuy alifanya bila msaada. Maji yake, chakula chake, nguo zake, alibeba mwenyewe. Hakuna mtu aliyemngoja njiani na chupa. Mwaka wa 2010 Mhispania Kilian Jornet alipanda na kushuka kwa saa 7 na dakika 14. Mwaka wa 2014 Karl Egloff wa Ecuador akafanya saa 6 na dakika 42. Ni wepesi kuliko Mtuy, na lazima tuseme hivyo wazi, lakini wao walikuwa na msaada njiani, kwa hiyo ni hesabu mbili tofauti. Mtu ambaye alianza maisha kwa kubeba mizigo ya wengine alichagua siku moja kupanda ule ule mlima bila mtu yeyote kumbebea chochote, na bila yeye kumbebea mtu. Hapo ndipo niliona kama rafiki yangu alikosea. Haya mambo ya kwenda mbali milimani tulikuwa nayo zamani sana. Kilichokosekana ni saa ya kupima na kalamu ya kuandika jina.

Leo majina yameanza kuandikwa. Novemba 2022, huko Chiang Mai, Thailand, kwenye mashindano ya dunia ya mbio za milima, Rebecca Cheptegei wa Uganda alipata medali ya dhahabu katika mbio ya kupanda na kushuka. Si ultra, ni mbio fupi zaidi, lakini ni mlima na ni dunia nzima. Nani kati yetu alilijua jina lake mwaka ule? Mimi sikulijua. Nililijua Septemba 2024, kama watu wengi, alipokufa hospitalini Eldoret, siku chache baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa na mwanaume aliyekuwa mpenzi wake. Alikuwa ametoka kukimbia maraton ya Olimpiki Paris mwezi uliotangulia. Jina la bingwa wa dunia lilitufikia kwa njia ya msiba. Hilo nalo ni la kuona haya.

Sasa niungame, kama nilivyoahidi.

Mwaka wa mwisho wa masomo, tulipanda Kundelungu, wanafunzi wanne, kuchukua bulongo kwa ajili ya memwari. Munajua Kundelungu: chini ni bonde, joto, kisha ukuta wa mawe, kisha juu ile tambarare ya majani inayofika mita 1.700, na maji ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300. Kijijini chini tulipata papa mmoja wa kutusaidia kubeba. Alikuwa na sandale za plastiki. Alipoona tunavyohangaika na mifuko, alisema: "Banafunzi, muende polepole. Mulima haina haraka, iko pale siku zote. Muzigo munipe miye."

Alitangulia na mzigo mkubwa kuliko wetu sote. Tulipofika juu, tumekufa, tulikuta tumesahau daftari na jipiesi kule chini kwenye kambi. Bila vile vitu, kazi yote ilikuwa bure, kwa sababu mfuko wa bulongo usiojulikana umetoka wapi ni uchafu tu. Tulianza kulaumiana. Yule papa hakusema kitu. Alishuka, akachukua, akapanda tena. Alifika tungali tunakula biskuti, anahema kidogo, anacheka. Alishuka mara ya tatu jioni pamoja nasi na mifuko ya bulongo begani.

Alitumia muda gani? Sijui. Sisi wote tulikuwa na telefone zenye saa, hakuna aliyepima. Tulipima kina cha shimo kwa sentimeta, tulipima asidi ya bulongo, tulipima mwelekeo wa mteremko. Yeye hatukumpima. Jioni tulimlipa zile franga zilizobaki baada ya kuweka pembeni pesa za mafuta ya gari, na zilikuwa chini ya tulizopatana. Alizihesabu, akatuangalia, akasema asante. Ile asante bado ninaisikia.

Juzi, baada ya kusoma haya yote, nilifungua memwari yangu. Kwenye ukurasa wa shukrani nimemshukuru Mungu, wazazi, profesa, ndugu, wenzangu, hata dereva wa jipu. Yeye nilimkuta katika sura ya pili, kwenye njia za kazi, sentensi moja: kwamba vipande vya bulongo vilishushwa "kwa msaada wa mbebaji mmoja wa mahali." Basi. Kuna jina la kila aina ya majani tuliyokuta kule, kwa Kilatini. La kwake halimo, na lazima niseme ukweli: si kwamba nilisahau kuliandika, sikuliuliza. Siku mbili nilimuita Papa, nikaona inatosha.

Ninamlaumu Meyer, ninamlaumu yule mtawala wa Abruzzi, na mimi nilifanya vile vile, nikiwa na diplome ya nchi yangu, karibu miaka 130 baada ya Meyer, kwa mtu ambaye tunaongea naye lugha moja.

Kiangazi hiki ninarudi Kundelungu. Nimeanza kuweka pesa pembeni, za njia na zile tulizobaki tunamdai sisi wenyewe, maana deni ni letu. Nataka nipande ile njia kwa kukimbia, na mzigo wangu mgongoni, nione ni saa ngapi kwenda na kurudi. Ninajua mbele ya kuanza kama nitakuwa nyuma yake. Kisha, kama yuko hai, nitamuuliza jina lake, na nitamuuliza kama anakubali liandikwe. Akikubali, nitaenda kwenye biblioteki ya fakilte na kuomba niongeze karatasi moja ndani ya ile memwari. Akikataa, nitaheshimu.

Bayaya na badogo, wengi wetu tumefanya terrain: jiolojia, agronomia, afya, sosiolojia. Mufungue memwari zenu leo jioni. Musome ukurasa wa shukrani, kisha musome sura ya njia za kazi. Kama munakuta "mbebaji mmoja," "mwongozaji mmoja," "mama mmoja wa kijiji," mujiulize kama bado munaweza kumpata.

Na wewe rafiki yangu wa asubuhi, jibu lako njo hili. Kesho saa kumi na mbili nitakuwa tena barabarani Makomeno. Ukuje na viatu.